Taabu Ileile: Kuiacha Imani na Kuirudia katika Ukambani



Mnamo Mei 2021, chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilitangaza kwamba katibu wake, Seth Mahiga, amejiuzulu. Sababu iliyotolewa ni kwamba amempata Yesu Kristo. Yeye mwenyewe alisimama kanisani akaeleza kwamba alikuwa akipitia magumu maishani. Wengi walicheka, waumini kwa wasioamini. Mimi nilibaki na hayo magumu yake. Muulize mtu wa hapa kwetu Ukambani aliyeacha kwenda kanisani ni nini kilichomwondoa, naye atakutajia magumu: ukame, maradhi, mtoto aliyezikwa. Taabu inayomtoa mmoja ndiyo inayomrudisha mwingine. Basi tutafute sababu kwingine, na naamini iko kwa watu waliokuwa karibu na mwenye taabu: walimwambia nini, na walimruhusu aseme nini.

Njaa hatuhitaji kufundishwa. Wazee wetu huzipa majina, na ile ya 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete, kwa kuwa watu walikufa fedha zikiwa mkononi, chakula hakipo cha kununua. Majuzi tu, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilitupungukia misimu mitano mfululizo. Mkulima alipanda pojo na mtama, zikanyauka. Akaomba, akapanda tena. Akauza mbuzi mmojammoja mpaka zizi likabaki tupu. Nimewasikiliza watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, na ni wachache mno walioniambia kwamba jua ndilo lililowaondolea imani. Kilichowaondoa ni kuambiwa, zizi likiwa tupu, kwamba mvua imezuiwa na dhambi zao, au kwamba wametoa sadaka kwa moyo mzito.

Zamani haikuwa hivyo. Mwanateolojia wetu, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Mungu hakuletwa Afrika na meli ya wamisionari. Alikusanya sala za watu wetu na kuzichapisha kwa heshima. Katika Ukambani, mvua ilipokataa, wazee walikwenda ithembo, mahali patakatifu penye mti mkubwa, wakatoa sadaka kwa niaba ya wote. Ukame ulikuwa shida ya utui mzima, yaani kijiji kizima, na ombi likawa la utui mzima. Sisemi kwamba zamani hizo zilikuwa njema tupu. Palikuwa na kutuhumiana uoi, yaani uchawi, na kuna wajane walioumizwa kwa tuhuma hizo, hata leo wapo. Lakini mvua ilipochelewa, mkulima hakuachwa peke yake na swali la kwa nini Mungu amemkataa yeye.

Leo mahubiri mengi yameigeuza imani kuwa mkataba wa mtu mmoja na Mungu: panda mbegu, uvune. Mwaka 2014 televisheni ya KTN ilitangaza habari za mhubiri wa Nairobi aliyekuwa akiwataka watu wamtumie shilingi 310 ili awaombee. Imani ya namna hiyo huvunjika kama mkataba wowote, upande mmoja usipotimiza. Na katika msitu wa Shakahola, mwaka 2023, tulifukua miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata sauti ya mhubiri hadi kufa, wengi wao kwa njaa. Mtu aliyemzika dadaye kutoka msitu ule akikuambia hataki kusikia jina la Mungu, utamjibu nini?

Marafiki wa Ayubu walifanya vyema kwa siku saba. Waliketi naye chini mchana na usiku bila kusema neno. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, anasema aliyenena sawasawa ni Ayubu, yule aliyelalamika. Zaburi ya 88 nayo ni malalamiko matupu, inaishia gizani. Wazee wa Israeli hawakuifuta. Makanisa yetu mangapi yameisoma kwenye matanga?

Kurudi ni kwa polepole. Mara nyingi hakuanzi na sala. Mtu anaitwa kwenye mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, wanachimba matuta au wanajenga bwawa la mchanga mtoni, kando yake yuko mzee wa kanisa aliyeshika sepetu kama yeye na asiyemuuliza amepotelea wapi. Baada ya miezi anaketi tena kwenye benchi la nyuma. Imani anayorudi nayo hudai kidogo kuliko ile ya kwanza. Haiombi risiti, na nadhani ndiyo sababu inastahimili msimu mbaya unaofuata.

Wapo wasiorudi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 700,000 waliosema hawana dini, na baadhi yao walifika huko kwa kufikiri, wala hawana kidonda cha kutibiwa. Hao ni ndugu zetu, tuwaheshimu walivyo.

Kwenu wachungaji na makatekista nina ombi moja. Jumapili ya kwanza mvua za Oktoba zitakapochelewa, kabla ya kutaja toba wala sadaka, mpeni maikrofoni mkulima mmoja aseme mbele ya Mungu na mbele yetu sote yaliyompata shambani. Akimaliza, msimsahihishe.