Swali Lililochekwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kisumu. Yameandikwa upya kwa wasomaji wa jarida.)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mnaosoma pamoja nao, niliombwa nizungumze juu ya "Vijana na Sayansi". Mada kama hiyo mtu akipewa, huanza Baghdad, akapita Andalusi, akataja majina ya wanazuoni mpaka adhana ikamkuta bado yuko njiani. Mimi sitakwenda huko. Nitabaki hapa hapa Kaloleni, kwenye viti kumi na viwili vya plastiki na mkeka mmoja, na nitakueleza kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe.

Kikao chetu cha maswali kilianza kwa ugomvi wa futari. Jirani yetu mmoja alikuwa na mazoea ya kufungua redio, na akisikia adhana ya Magharibi kutoka Nairobi, tende iko mdomoni. Siku moja mzee akamwona. "We bwana, wafuturu mchana?" Naye akajibu kwamba adhana ni adhana, Kenya ni nchi moja na saa ni moja. Watu wakagawanyika hapo hapo barazani, kila mmoja na lake, na sauti zikapanda kuliko inavyofaa mwezi kama huu.

Aliyewatuliza ni kijana wa kidato cha pili. Alileta chungwa, vijiti vitatu vya meno na tochi ya simu. Akachomeka kijiti cha Mombasa, cha Nairobi na cha Kisumu, akazima taa, akaanza kulizungusha lile chungwa polepole. Kijiti cha Mombasa kikaingia gizani kwanza, kikafuata cha Nairobi, na cha Kisumu kikabaki kwenye mwanga peke yake. Wazee wakasogea karibu. Kisha akapiga hesabu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii moja ni dakika nne. Nairobi iko karibu na digrii 36.8 mashariki, na Kisumu 34.8. Tofauti ni digrii mbili, yaani dakika nane. Mombasa ni digrii tano hivi kutoka kwetu, basi ni kama dakika ishirini, huongezeka au kupungua kidogo kwa majira kwa sababu Mombasa iko kusini zaidi.

Dakika nane! Yule jirani akanyamaza, akauliza kwa sauti ya chini: "Na zile siku zote?" Hilo tulimwachia sheikh.

Lakini swali moja huzaa jingine. Mama mmoja ana ndugu yake London, ambaye Ramadhan ya mwaka 2015, iliyoangukia Juni na Julai, alikuwa akifunga zaidi ya saa kumi na nane, ilhali sisi hapa ni saa kumi na tatu na kitu kila mwaka, iwe Juni iwe Disemba. Mbona? Chungwa likarudi mezani, safari hii likiwa limeinamishwa kidogo. Ikweta inapita Maseno hapo, mwendo mfupi wa matatu. Dunia iiname vyovyote, sisi tulio kiunoni mwake mchana wetu haubadiliki sana. Walio juu kule ndio wanaovutwa. Tulikaa mpaka Isha, na kuanzia usiku ule tukaamua tukutane kila wiki, yeyote mwenye swali aje nalo.

Baadaye ndipo nikajua kwamba jambo hili lina jina huko duniani. Mwaka 1998, katika mji wa Leeds, Uingereza, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni aitwaye Duncan Dallas alianza kuwaalika wanasayansi mkahawani, akifuata mfano wa vikao vya falsafa vya Marc Sautet kule Paris. Mtaalamu anazungumza muda mfupi, vikombe vinajazwa tena, kisha muda wote uliobaki ni wa maswali. Hata Kenya mikahawa hiyo ya sayansi imekuwepo: Juliette Mutheu na Ruth Wanjala waliandika kuihusu mwaka 2009 katika jarida la wataalamu wa vimelea. Sisi watu wa baraza na kahawa tungeshangaa nini? Tofauti ni kwamba chetu mwezi wa Ramadhan ni mkahawa usio na kahawa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Wewe msomaji wa hapa unajua kwamba sisi watu wa ufuo wa ziwa tunaishi katikati ya utafiti. Ukienda njia ya Busia, pale Kisian, utakiona kituo cha KEMRI. Kuna hata ukoo wa mbu wanaofugwa katika maabara za nchi nyingi ili kupima dawa za kuulia wadudu, na jina lao ni Kisumu. Mji wetu unatajwa na watu ambao hawajawahi kuuona, kwa sababu ya mbu. Na papo hapo tumekua na ule uvumi wa wanyonya damu, wa magari yanayopita usiku. Mtoto anapochomwa sindano, mambo haya yote mawili yapo chumbani.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya, kule Homa Bay. Ikaingia katika kaunti nane za magharibi, zetu za ziwani zikiwemo, ila si kila mahali. Kaunti ndogo hii inapata, ile ya jirani haipati. Ramadhan ya mwaka 2022 tukamwalika muuguzi aje kueleza. Akaeleza vizuri: dozi nne, mtoto akiwa na miezi sita, saba, tisa, na ya mwisho miezi ishirini na nne.

Nyanya mmoja muuza mandazi, anayemlea mjukuu wake, akanyoosha mkono. Alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Akasema: "Huyu wangu anachomwa. Wa dada yangu, kaunti ndogo ya pili, hachomwi. Wote wanaumwa na mbu hao hao. Kwani sisi ndio wa kujaribiwa?"

Kijana mmoja akasema, "Mama, na wewe umeingiwa na mambo ya wanyonya damu." Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha kikao, na mimi nilicheka. Wallahi nilicheka. Muuguzi alifungua mdomo ajibu, lakini mwingine alikwisha kurukia swali la vyandarua, mara muda ukaisha, watu wakaenda kufuturu. Yule nyanya hakurudi tena kikaoni. Sikugundua hata kuwa hayupo.

Niligundua miezi kadhaa baadaye, nilipopita kwake kununua mandazi nikakuta meza imefungwa. Mjukuu alikuwa hospitalini, malaria kali, ameongezwa damu. Nilikwenda kuwaona. Nikamuuliza kuhusu chanjo, akanitazama.

"Zile tatu nilimpeleka. Ya nne sikumpeleka."

"Mbona, mama?"

"Mwanangu, mimi sikukataa chanjo. Niliuliza swali. Mkanicheka. Nikajiambia, kama jibu lingekuwepo wangenipa."

Hebu litazame swali lake tena, wewe unayesoma. Mimi nililitazama usiku ule nikaona aibu, kwa sababu lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyowahi kupata. Ndilo swali ambalo mpango wenyewe ulijengwa juu yake! Chanjo ilikuwa imekwisha kufanyiwa utafiti mkubwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, na hapa kwetu vituo vilikuwa Siaya na Kombewa, na Kilifi kule pwani. Kilichobaki kujulikana ni kama itafanya kazi katika kliniki za kawaida, pamoja na foleni zake na mvua na akina mama wenye shughuli. Kama itapunguza vifo. Kama kuna madhara ambayo utafiti wa kwanza haukuyaona sawasawa. Ili kujua hayo inabidi pawe na mahali inapotolewa na mahali ambapo bado, uyalinganishe. Na mahali hapo palichaguliwa kwa kura, asiwepo wa kupendelewa. Kwa hiyo ndiyo, alikuwa ameona sawa. Kulikuwa na kulinganishwa. Alistahili kuambiwa hivyo, usoni, kwa heshima, kisha aamue.

Jibu kamili lingechukua dakika tatu. Oktoba 2021, kabla hata ya kikao kile, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza chanjo itumike kwa upana. Mwaka 2023 maeneo ya magharibi yaliyokuwa yakisubiri yakaanza kufikiwa, na wa dada yake wakawa wamo.

Je, ile dozi ya nne ingemwepusha mtoto na kitanda cha hospitali? Hapo siwezi kusema, na asiwadanganye mtu, kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kujua. Katika ule utafiti mkubwa, wakubwa kidogo waliopata dozi zote nne walipungukiwa na malaria kwa zaidi ya theluthi moja. Theluthi moja si zote, ndiyo maana chandarua bado kinatundikwa. Lakini mlango ule niliufunga mimi kwa kicheko. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na sasa yuko shule, mtundu sana.

Nilimwomba nyanya msamaha. Alinisamehe upesi, ila kurudi kikaoni alikataa, na sababu yake ilinifundisha jambo jingine. "Nyinyi mnakaa baada ya Alasiri. Saa hiyo mimi niko kwenye mafuta." Kumbe! Mwaka mzima tulikuwa tukilalamika kwamba wanawake hawapendi sayansi, na tumeweka kikao saa ambayo kila mwanamke wa Kaloleni yuko jikoni akipika futari yetu sisi. Tukahamia Jumamosi saa nne asubuhi. Wiki ya pili viti havikutosha, na nyanya alikuwa mbele.

Muuguzi tulimwita tena. Tulianza na swali lile lile, likaulizwa upya na mwenyewe, likajibiwa mpaka mwisho. Siku hizi mgeni yeyote tunamwambia kabla hajaketi kwamba "sijui" ni jibu linalokubaliwa hapa. Wengine hufurahi, mabwana wakubwa hukunja uso kidogo. Na anayecheka swali la mwenzake hukaa chini bila la kwake kusikilizwa siku hiyo. Nimewahi kukalishwa mimi.

Mwaka huu tulikwenda Dunga jioni ya ishirini na tisa Shaaban, kutazama mwezi. Ni mahali pazuri, ziwa liko magharibi wazi mbele yako. Vijana walikuja na programu za simu zinazoonyesha mwezi ulipo. Tukakuta mvuvi wa omena anatengeneza taa zake, akacheka (huyu alikuwa na haki). Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauvuti samaki, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo yeye huhesabu mwezi kama sisi tunavyohesabu mshahara. Alituambia unavyochelewa kuchomoza kwa kama dakika hamsini kila siku, na hajakaa darasani kwa hilo.

Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi na kujaa majumbani, alisema, nao hufuata mwezi. Tulidhani ni hadithi. Tukatafuta, tukakuta kwamba mwaka 1958 mtafiti Philip Corbet alichapisha habari hiyo hiyo, kutoka ziwa hili hili: kuna wadudu wanaotoka majini mwezi ukiwa mchanga, na wengine ukiwa mpevu.

Mvuvi tumemwalika Jumamosi ijayo, saa nne, na mtaalamu wa samaki atakuwepo. Swali limeletwa na mjukuu wa yule nyanya, na lilikubaliwa bila kupigiwa kura: yule mdudu akiwa bado mtoto, ndani ya tope, chini ya maji yote yale, anajuaje kuwa mwezi umeandama? Ukija, njoo na mkeka wako.