Gibbon Masikioni

Katika vitabu vya tarehe vinavyosomwa kwa sauti, mimi nakipa daraja ya kwanza kile cha Edward Gibbon juu ya kuanguka kwa dola ya Warumi, kilichotoka kwa juzuu sita baina ya 1776 na 1788, kwa kuwa mwenyewe alieleza katika habari za maisha yake kwamba alikuwa akiijaribu aya nzima kwa sikio na kuihifadhi moyoni kabla ya kuitia kalamuni, jambo ambalo wanazuoni wetu wa leo, aghalabu, hawana subira nalo.

Taabu ni tanbihi. Anayetusomea akiziruka, kama ilivyo ada ya wengi, hutunyima kejeli za Gibbon na shaka zake juu ya mashahidi wake, ambazo nyingi alizificha humo. Na akizisoma zote, kisa hukatika kila mara. Mimi naona heri kikatike.

Ramani nazo hazisikiki, basi atilasi na iwe mezani. Tena, tafadhali, asituigizie sauti za makaisari: Kaisari Julian hahitaji kusemea puani ndipo tumfahamu.