Kumlisha Chatu Afugwaye

Wasikilizaji wetu, wenyeji wa Temeke na Kinondoni wamezoea kuwaona wachezaji wa ngoma wamevaa chatu shingoni, mchezo uliotoka kwa Wasukuma wa kusini mwa Ziwa Nyanza. Watoto huitwa wamguse, na watu husema, "Nyoka huyu ampenda bwana wake." Sisi hatudhani hivyo.

Chatu hana sumu. Huua kwa kujizungusha na kubana. Akiisha kumeza sungura mzima hushiba majuma kadhaa, na tumbo lake halifanyi kazi vema pasipo joto. Basi asichezewe siku chache baada ya kula, maana akisumbuliwa huyatapika yote. Wala asilazimishwe kula macho yake yakiingia ukungu: yu karibu kujivua gamba, haoni vema, na huwa mkali. Panya apewe hali amekufa, kwani panya hai akiachwa naye aweza kumng'ata chatu mwenyewe.

Na ule upole? Chatu aliyekamatwa porini huurukia kila mkono, na pengine hukataa chakula miezi mizima. Akishikwa mara kwa mara huacha kuogopa; upole wake ni huo tu. Awapo na njaa, mkono unukao panya kwake ni panya. Kwa hiyo wafugaji wenye akili hunawa kwanza, humpa chakula kwa koleo ndefu, na chatu mkubwa hawamlishi pasipo mwenzao karibu, wa kumfungua akijizungusha, akianzia mkiani.