Vanishi na Majira ya Mwaka
Mada iliyotolewa mbele ya mafundi seremala na wasimamizi wa kazi za Halmashauri



Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Kazi za madawati, meza na milango ambazo hazijakamilika huharakishwa katika miezi ya mwisho, na miezi hiyo ndiyo ya masika na ya mwanzo wa kipupwe. Hapo fundi hukutana na adui asiyeonekana, nao ni unyevu wa hewa. Dawati la mninga lililoungwa barabara huweza kukataliwa siku ya kukabidhiwa kwa sababu uso wake umekuwa mweupe kama uliofunikwa ukungu, au kwa sababu vanishi ingali inanata na kushika sare za wanafunzi. Fundi hukosa malipo, mkopo wa kikundi hubaki bila kurejeshwa, na watoto huendelea kukaa chini.

Chanzo cha weupe huo chafaa kueleweka. Laka hukauka kwa kuruka kwa thina, na thina inaporuka upesi huupoza ubao, kama vile spiriti inavyoupoza mkono kabla ya sindano. Hewa yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo ubao ukipoa kwa nyuzi 4 tu, maji hutua ndani ya laka mbichi na kuifanya nyeupe. Kosa basi si la mti wala la mkono wa fundi, bali la saa iliyochaguliwa.

Katika masika, saa zinazofaa ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, siku ambayo mvua imekatika. Alfajiri na jioni unyevu hupanda. Kazi isipoweza kungoja, fundi hutumia thina ya kukauka polepole na kupuliza tabaka nyembamba, akiiacha kila moja ikauke kabla ya nyingine. Weupe ukishatokea, hangoji muujiza wala haongezi laka juu yake. Hungoja hewa ikauke, kisha hupuliza thina hiyo ya polepole kidogo sana. Laka hulainika, na maji yaliyofungwa hupata njia ya kutoka. Ikishindikana, ni msasa na kuanza upya.

Vanishi ya mafuta ina tabia nyingine. Kwanza thina huruka, kisha mafuta yenyewe hugumu kwa kuchukua oksijeni ya hewani. Baridi na unyevu huchelewesha hatua hiyo ya pili. Kwenye nyanda za juu, kama Lushoto au Njombe, tabaka ambalo kopo linaahidi kuwa litakauka kesho huweza kuhitaji siku 2 au 3 wakati wa kipupwe. Kipimo cha kuaminika ni msasa: ukitoa unga mkavu, tabaka limekauka, ukiziba na kunata, fundi hungoja.

Kiangazi nacho kina hila zake. Juani vanishi hukauka juu kabla haijatandaa, ikaacha mistari ya brashi. Ubao uliotoka kwenye ubaridi ukianikwa juani, hewa iliyo ndani ya vinyweleo vyake hutanuka na kutoa mapovu. Kivuli chenye hewa ndicho karakana bora. Sakafu inyunyizwe maji kidogo mapema, vumbi litulie.

Mbao zenyewe zisisahauliwe. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, ubao hutulia ukiwa na maji ya asilimia 12 hivi. Hewa ikifika asilimia 80, hukaribia 16. Ubao mbichi ukipakwa, maji yake huisukuma vanishi hadi ibanduke. Zipangwe chini ya paa kwa vipande vya kutenganisha, na dawati lipakwe pande zote, hata chini, ili lisipinde.

Lipo pia jambo la uhai. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kwenye chumba cha kupulizia ili kukausha kazi. Mvuke wa thina hushika moto ghafla. Matambara yenye vanishi ya mafuta yasirundikwe, kwani huweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje yakauke au yalowekwe majini.

Wajibu huu si wa fundi peke yake. Msimamizi anayepanga tarehe ya makabidhiano hana budi kuhesabu siku za kukauka kama anavyohesabu siku za kuranda na kuunga. Fundi naye aandike tarehe na saa ya kila tabaka, ili akiomba siku 3 za nyongeza katika masika awe na ushahidi mkononi. Dawati lililochelewa siku 3 likakauka vema litamhudumia mtoto kwa miaka. Lililowahi likiwa bichi litarudi karakana kabla ya muhula kwisha.