Faili ni lake



Khalati yangu ana saratani ya matiti, na imeshafika kwenye mifupa. Watu wakisikia husema sasa ana saratani ya mifupa (hata mimi nilisema hivyo). Sivyo. Ilianza kwenye titi, na hata ikikaa mgongoni bado inatibiwa kama ya titi. Kupona kabisa ni vigumu mno, lakini dawa huizuia, na wapo wanaoishi nayo miaka.

Kilichomuuma zaidi ni daktari kumweleza mjomba, na yeye mwenyewe amekaa pale pale kama mzigo. Siku hiyo akaomba faili lake. Sasa kila Jumanne yuko kwenye benchi ya kliniki na daftari, awafundisha wenzake kuuliza: Hii dawa ni ya nini? Bima yalipa mara ngapi? Ikikatika niende wapi? Wengine wetu, wengine wa kanisani, benchi ni moja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Khalati amekinakili kwenye jalada la daftari.

Wewe wajua kusoma Kiingereza cha daktari. Mamako akiwa na kliniki, msindikize. Msomee karatasi yote, hata pale panapotisha.