Mpaka Afahamu: Darsa ya Ramadhani juu ya Uzito wa Kusikia

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia: kila Ramadhani huulizwa kama kifaa cha kusaidia kusikia kinabatilisha saumu. Swali lina msingi. Sisi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na kauli mashuhuri humo ni kwamba kitu kikiingizwa ndani ya tundu la sikio mchana, saumu imebatilika. Ndiyo maana wapo wazee hukivua alfajiri na kukirudisha magharibi, wakashinda mwezi mzima katika kimya.

Lakini humo humo madhehebuni ipo kauli ya pili, isemayo kwamba saumu haibatiliki, kwa kuwa sikio halina njia iliyo wazi ya kufika tumboni. Matabibu wanaithibitisha: kiwambo cha sikio kikiwa kizima hakipitishi kitu kwenda kooni. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah, liliamua kwamba hata matone ya dawa masikioni hayabatilishi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Kifaa kikavu ni jambo jepesi zaidi. Basi mzee wangu, kivae. Wakati wa udhu kivue upanguse masikio, nayo ni sunna. Katika josho la wajibu hapana budi kukivua.

Nanyi vijana, fahamuni uziwi wa uzee ulivyo. Ndani ya sikio mna chembe hai zenye vinyweleo. Zikifa hazioti tena. Aghalabu hutangulia kufa zile zipokeazo sauti nyembamba, kwa hiyo irabu husikika, ilhali s, f na t hupotea. Mzee anasikia kuwa unasema, ila hatambui unasema nini. Mwambie “futa” atasikia “suta”, na ugomvi umeanza! Kumpigia kelele kunaikuza irabu tu. Mkabili uso kwa uso penye mwanga, useme taratibu. Akiitikia “naam, naam” pasipo mahali pake, msimwite mkaidi wala msiseme akili imemtoka. Huenda anaona haya kuuliza mara ya tatu. Haya hiyo humtoa barazani, kisha darsani, kisha msikitini.

Katika hadithi ya Abu Dharr aliyoipokea Imam Ahmad, Mtume (S.A.W.) alihesabu miongoni mwa sadaka kumsikilizisha kiziwi mpaka afahamu. Litazameni neno hilo: mpaka afahamu. Mzigo umewekwa juu ya msemaji. Ama viziwi wanaolaumiwa katika Qur’ani, hao ni walioikataa haki. Ni dhulma kuzigeuza aya hizo kuwa mzaha juu ya masikio ya mtu.

Hapa Washington kipo Chuo Kikuu cha Gallaudet, cha viziwi, kilichopewa idhini ya kutoa shahada na Rais Lincoln mwaka 1864. Mwaka 1988 wanafunzi walikifunga mpaka akateuliwa rais kiziwi, wa kwanza tangu kuasisiwa kwake. Miaka miwili baadaye ikatoka sheria ya Marekani ya haki za walemavu, nayo imezisamehe nyumba za ibada: hatutashitakiwa kwa kukosa mkalimani wa lugha ya alama. Sioni msamaha huo ukitufaa mbele ya Mola. Mwanamke kiziwi aliye nyuma ya pazia hamsikii imamu wala hamwoni. Anaifuata sala kwa kumtazama jirani yake.

Kuanzia kesho pazia litavutwa kando, viti vya mbele kulia viachwe kwa wenye uzito wa kusikia, na muhtasari wa darsa utabandikwa mlangoni kabla ya isha. Wenye wazee wajue pia kwamba tangu Oktoba 2022 watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wanaweza kununua vifaa hivi bila cheti cha daktari. Bima ya Medicare ya kawaida haivilipii, basi tusaidiane.

Sasa tusimame kwa tarawehe. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.