Mtoto Amegongwa, Bima Imenyamaza

Leo sizungumzi juu ya chanjo wala lishe. Nazungumza nawe wewe wa hapa Cheptais ambaye mtoto wako aligongwa na gari au bodaboda akienda shule, mguu ukavunjika, na mpaka leo kampuni ya bima haijakujibu. Ukipiga simu, faili iko kwa mkubwa. Ukilipa nauli hadi Bungoma, rudi mwezi ujao.

Kwanza mguu. Usikatize matibabu kwa kungojea pesa za bima. Mrudishe mtoto kliniki tarehe aliyopewa. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikifa ganzi ndani ya plasta, usingoje tarehe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Na kila karatasi itunze: kadi, picha ya eksirei, risiti za dawa na za nauli. Najua jikoni karatasi huishia kuwashia moto. Hizi zifungie sandukuni.

Kisha polisi. Hakikisha ajali imeandikwa katika kitabu cha OB na uchukue namba yake. Fomu ya P3 haiuzwi, daktari huijaza. Omba pia abstrakti ya polisi, maana humo ndimo mna namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba ya hati ya bima.

Sasa huko kunyamaza kwao. Simu haiachi alama, mama. Andika barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Sheria ya Bima ya Kenya inataja siku 90 tangu dai liripotiwe. Zikipita kimya, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile IRA, iliyoko Nairobi. Waulize pia kama kampuni hiyo bado ina leseni, kwani wakati mwingine kimya ni dalili ya kuanguka: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011.

Lakini IRA si mahakama, na hapa ndipo akina mama wengi hupotezea haki. Kesi ya kuumizwa hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Siku hizo hazisimami kwa sababu wewe unangoja jibu. Utaambiwa mtoto atadai mwenyewe akifika miaka 18. Usitegemee hilo, sheria ina sharti linaloweza kumfungia nje mtoto aliyekuwa akilelewa na mzazi wake. Mwone wakili mapema. Anayeshtakiwa ni dereva au mwenye gari, na kampuni hulipa hukumu ikiwa ilipewa notisi ya kesi kwa wakati. Muulize wakili wako waziwazi: notisi umeipeleka lini?

Kuna jambo moja tena. Kampuni iliyonyamaza mwaka mzima huweza kukuita ghafla, pesa mezani na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi hiyo kwa kawaida husema hudai tena. Kama daktari hajasema mfupa umeunga sawa, au mtoto atahitaji kupasuliwa tena, hujui gharama iliyobaki. Omba nakala, uende nayo kwa daktari na kwa wakili kabla hujaweka kidole gumba.

Kwaheri kwa leo, mama.